Chuma cha Kongwa na Subira ya Kano: Tunamuaga Mwalimu Eliakimu Mazengo

Mwalimu Eliakimu Mazengo aliripoti kazini katika Kituo cha Mafunzo ya Michezo Ntyuka, hapa Dodoma, tarehe 1 Julai 1971. Atastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1998, akiwa ametumikia kituo miaka ishirini na saba. Katika miaka hiyo amefundisha riadha, mpira wa pete na mazoezi ya nguvu. Aliwahi pia kukaimu ukuu wa kituo, akaomba mwenyewe arudishwe uwanjani kabla kiti hakijamzoea.

Kamati ya hafla ina watu wenye vyeti vyao, na yeyote kati yao angeweza kuandika wasifu huu. Lakini kila mmoja aliogopa kuandika mbele ya mwenzake, ukawa mjadala wa vikao na soda. Mwishowe wakasema aandike Mama Violeth wa jikoni, kwa sababu amemlisha mstaafu muda mrefu na hana cha kupoteza. Hapo kwenye kupoteza walikosea kidogo. Tangu nishike kalamu nimeunguza wali mara mbili, na wasomaji wa jarida hili la kituo ndio walioula, kwa hiyo nawaomba radhi hapa hapa kabla sijaendelea.

Mwalimu ni mzaliwa wa Haneti. Ujanani alikuwa mkimbiaji, na rekodi yake ya mbio za kuzunguka kilima haijavunjwa hadi leo, maana mbio hizo hazikufanyika tena. Hilo si langu, hulisema mwenyewe kila mgeni anapoisifu rekodi hiyo. Mwalimu hajawahi kumsubiri mtu amcheke. Huanza yeye, wengine tukafuata.

Mwaka 1984 alipelekwa kozi Ujerumani Mashariki. Alirudi na koti zito ambalo Dodoma halina kazi, na begi la majarida ya utafiti wa mazoezi ya nguvu. Miaka michache baadaye nchi ile ikafutwa kwenye ramani. Mwalimu husisitiza kwamba hakuhusika. Daktari mmoja aliyesoma naye huko aliendelea kumtumia majarida kwa posta, na jioni Mwalimu alikuwa akiyasoma kwenye meza ya jikoni kwetu, kamusi mkono wa kulia, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Mara nyingine alichovya andazi kwenye kamusi.

Ndivyo nilivyopata elimu hii ninayowaandikia, nikiwa nachambua mchele. Mwalimu alinieleza kwamba mwanamichezo ana msuli, na ana kano. Msuli ni ile nyama inayovuta. Kano ni ile kamba ngumu inayoushika msuli kwenye mfupa, kama ile iliyo nyuma ya kisigino, ambayo sisi wengine huita mshipa na kumalizana nayo. Vyote viwili hukua na kuimarika mtu akibeba uzito, ila havikui kwa mwendo mmoja. Msuli, alisema, ni mfanyabiashara binafsi: wiki chache tu ameshafungua duka na kubandika bango. Kano ni ofisi ya serikali: unapeleka ombi leo, unajibiwa mwakani. Nikamuuliza kwa nini inachelewa hivyo. Akasema damu inaifikia kidogo sana, kama maji ya bomba yanavyotufikia sisi hapa Dodoma. Hapo nilielewa kabisa, wala sikuhitaji kamusi.

Miaka hiyo ndiyo ile mambo ya biashara yalipofunguliwa. Sokoni vikajaa viatu vya mitumba vya kukimbilia, cha kulia namba nane na cha kushoto namba tisa. Kituoni kwetu kilichofunguliwa ni mlango, wenzetu wengi wakatokea humo walipopunguzwa kazi. Bajeti ya vifaa ikafa. Mwalimu alikuwa na utafiti wa kuwatosha wanamichezo wote wa mkoa, lakini hakuwa na chuma hata kimoja cha kunyanyua.

Akaazima lori la kituo, akaenda Kongwa. Kule mashambani kulikobaki mabaki ya mradi wa zamani wa karanga kulikuwa na vyuma vya matrekta vimelala kwenye majani tangu Waingereza wenye mradi waondoke. Akaomba ruhusa, akapakia. Chuma cha kwanza kilikuwa kizito mno. Kilishushwa na wanaume wote waliokuwa kazini, na tangu siku hiyo hakuna aliyekinyanyua tena. Ndicho kinachozuia lango letu lisipigwe na upepo, na wageni hudhani ni mnara wa kumbukumbu. Vilivyobaki vilipelekwa kupimwa kwenye mizani ya mnada wa ng'ombe. Mwalimu alirudi na kila chuma kimeandikwa uzito wake kwa rangi nyeupe. Alirudi pia na habari kwamba mchuuzi mmoja alimlazimisha apande mizani mwenyewe, akatangaza bei, na hakuna aliyepandisha.

Hivyo ndivyo chumba cha vyuma kilivyoanza, chumba ambacho leo walimu kutoka mikoa mingine huja kukitazama. Wakija huwa tunawaonyesha kila kitu isipokuwa habari ya viroba. Kwa kuwa Mwalimu anastaafu na hafla ni yetu wenyewe, nitaieleza.

Mwaka 1992 tulipokea kundi la wasichana wapya. Mmoja wao alikuwa mwanangu Violeth. Kidato cha nne alikuwa amekimaliza na cheti ambacho tulikikunja haraka. Baba yake hayupo, na mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo sikuwa na mtu wa kumpigia hodi. Alichokuwa nacho mtoto ni miguu. Wakati huo shirika moja la umma lilikuwa bado linaajiri wakimbiaji kwa ajili ya timu yake: unakimbia jioni, asubuhi una meza na mshahara. Mama mwenye mtoto wa namna ile hulala akiwaza miguu. Nilikuwa namkagua kila akiingia ndani, kama mtu anayekagua mayai aliyotoka kuyanunua.

Vyuma vya Kongwa vilikuwa vizito kwa wasichana wale. Mwalimu akaamua waanze na viroba vya unga wa sembe. Kila msichana akapewa kiroba chake, jina limeandikwa kwa mkaa, akawa anakiweka mabegani, anachuchumaa na kuinuka. Unga hauwezi kulala nje, panya wana njaa kama sisi, kwa hiyo jioni viroba vilirudishwa stoo kwa Bwana Shaaban.

Bwana Shaaban, mtunza stoo wetu kutoka Kondoa, wote mnamfahamu. Ni mtu muungwana ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa haraka. Ukimwomba chumvi asubuhi, andaa chakula kisicho na chumvi. Alichofanya ni kile ambacho mtunza stoo yeyote angefanya: alinipimia unga wa ugali kutoka kwenye kiroba kilicho karibu na mlango. Na viroba vinavyoingia jioni ndivyo vinavyokaa karibu na mlango. Nikapika, wasichana wakala, wakashukuru. Kesho yake wakabeba kilichobaki.

Mwalimu alifurahi mno. Wiki baada ya wiki wasichana walikuwa wanachuchumaa mara nyingi zaidi kwa kiroba kile kile. Majarida yote yalisema wataimarika, lakini hakuna jarida lililosema wataimarika vile. Alimwandikia yule daktari rafiki yake kwamba nyanda za kati kuna kitu, labda ni hewa. Kisha, kwa furaha ile ile, akawahamishia kwenye vyuma vya Kongwa, kwa uzito aliouhesabu akianzia kiroba kizima.

Mwezi haukuisha, Violeth akaanza kuchechemea. Kila akiamka alitembea kama anayekanyaga miiba, nyuma ya kisigino pamevimba kama kidole gumba. Mwalimu hakuelewa. Alirudi stoo kuangalia walikoanzia. Akainama mbele yetu wote, akashika kiroba cha Violeth, akajiweka sawa kwa uzito wa kiroba kizima, akakivuta kwa nguvu zake zote. Kiroba kikaruka juu ya kichwa chake, kikapasukia ukutani. Mwalimu akakaa chini, mweupe kuanzia nywele hadi kwenye filimbi.

"Nani amekula mazoezi yangu?" akauliza.

Tulikuwa tumekula wote, na yeye mwenyewe mchana ule alikuwa ameongezwa.

"Na ninyi wasichana mlikuwa mnabeba, hamkuona?"

"Ulisema tusilalamike, Mwalimu," akasema Violeth.

"Changu mimi nilidhani kimefunga Ramadhani," akadakia mwenzake.

Bwana Shaaban akatafakari kwa muda wake. "Mwalimu, mimi hapa unga naujua ni chakula. Ungeniambia ni kifaa cha michezo ningekuandikia hati."

Tulicheka mpaka machozi, na Mwalimu alicheka kutupita sote. Halafu akaacha ghafla. Alijifuta unga usoni, akamwita Violeth akae kwenye benchi, akapiga magoti, akaibana ile kano taratibu kwa vidole viwili. Mtoto aliruka nusura aangukie sufuria. Mwalimu akabaki amepiga magoti pale. Nilimsikia akisema, si kwa sauti ya kuhutubia, kwamba misuli ya wasichana ilipata nguvu kweli kwa yale mazoezi mengine ya kupanda vilima na kuruka, ikaweza kuvumilia chuma. Kano haikuambiwa chochote. Iliamka asubuhi moja ikakuta mzigo maradufu mlangoni.

Sasa basi, mchujo wa lile shirika la umma ulikuwa Dar es Salaam, Juni 1993, na zilibaki siku chache tu. Mwalimu ndiye aliyetakiwa kupeleka majina. Alikuja jikoni mchana, akasimama mlangoni bila kuomba chai, na mimi nikajua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama Violeth, weka mwiko chini tuongee."

"Mwiko hauna kesi. Ongea tu."

"Jina la Violeth sitalipeleka. Kano imevimba. Akikimbia kwa nguvu zile za mchujo inaweza kukatika, na ikikatika sijui kama atatembea vizuri, achilia mbali kukimbia."

"Inaweza," nikasema. "Umesema inaweza. Hukusema itakatika. Mfunge bandeji, mpe kidonge, akimbie mara moja tu apate kazi. Akishapata kazi alale hata mwaka."

"Nimekosea mara moja, mama. Nilikwenda na msuli, kano nikaiacha nyuma. Nikimpeleka Dar nitakuwa nimekosea mara ya pili, tena nikiwa najua."

"Na nafasi ikipotea?"

"Imepotea. Utanilaumu mimi."

Nilimlaumu. Shikamoo nilimpa kama kawaida, maana shikamoo haina ugomvi, lakini kwenye sahani yake nilianza kuweka mfupa. Kila siku ya nyama alipata mfupa, wenzake wakipata mnofu. Wafanyakazi wote waliona. Mwalimu alikula mfupa miezi mitatu, akasema asante, akarudisha sahani. Siku moja Mkuu wa Kituo alimuuliza mbele za watu kama amehamia kwenye lishe ya mbwa. Akajibu kwamba anafanya utafiti wa kano, na kwenye mifupa ndiko zinakoshikilia.

Wakati huo mimi mwenyewe sikuwa na msimamo wa kujivunia. Jumatatu nilitaka mtoto akimbie Dar. Mchujo ulipopita bila yeye nikageuka, nikamlaza kitandani, mguu juu ya mto, maji ya moto na chumvi, nikatangaza kwamba hatakanyaga chini tena. Nilimzuia hata kwenda kisimani. Jirani akaleta mafuta ya kondoo, mwingine akaleta majani, nikayapokea yote. Ijumaa Mwalimu akapiga hodi nyumbani, ana begi la mgongoni lenye chuma ndani.

"Huyu asilale," akasema. "Kano ikilazwa kabisa inazidi kulegea. Inataka mzigo. Mzito, wa polepole, unaoongezwa kidogo kidogo."

"Mguu unauma na wewe unamletea chuma?"

"Ndiyo."

"Juzi ulisema asikimbie kwa sababu ya mguu. Leo unasema abebe chuma kwa sababu ya mguu huo huo."

"Na wewe juzi ulitaka akimbie, leo hutaki hata asimame. Chagua moja, Mama Violeth, nikukatalie vizuri."

Violeth alicheka huko ndani kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Hicho kicheko ndicho kilichonifanya nitoe kiti.

Nikamuuliza swali moja tu. Atakimbia tena? Nilitegemea aniambie ndiyo, kama watu wanavyowaambia akina mama ili wanyamaze. Mwalimu akasema, "Sijui. Utafiti unasema wengi hupona, haujasema Violeth atapona. Mvua zikianza tutaona." Nilikasirika kwa jibu hilo usiku kucha, na asubuhi nikagundua kwamba ndilo pekee nililokuwa naliamini kati ya yote niliyoambiwa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Violeth alisimama kwenye ukingo kwa vidole vya miguu, begi la chuma mgongoni, akashusha visigino chini polepole, polepole sana, halafu akapanda tena. Asubuhi na jioni. Maumivu kidogo yaliruhusiwa, makali hapana. Siri yote, Mwalimu alisema, ni huo upole wa kushuka. Kano haielewi mambo ya kurukaruka, inaelewa mzigo unaokaa.

Akahitajika mtu wa kuhesabu, nikajitolea. Nilihesabu moja-mbili-tatu-nne-tano kwa pumzi moja ili mtoto apumzike. Mwalimu akanisikiliza siku mbili, akasema hiyo ni hesabu ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Alijaribu vijana wa kituo, nao walikuwa wanawahi chakula. Ndipo akamtazama Bwana Shaaban, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa stoo akifungua kufuli aliyoianza saa moja kabla.

"Bwana Shaaban, hebu niambie moja hadi tano."

"Mooojaaa," akasema Bwana Shaaban, akameza mate, akaangalia mbuzi waliokuwa wanapita, "… mbiliii…"

Mwalimu akafumba macho kama mtu anayesikia kwaya. Kuanzia siku ile mtunza stoo wetu akaingia kwenye sayansi. Uzito uliongezwa kila baada ya muda, na hesabu ikabaki ile ile. Mpaka leo ratiba ya chumba cha vyuma imeandikwa "kushusha kwa hesabu ya Shaaban", na wageni kutoka Dar hutuuliza Shaaban ni mtaalamu wa nchi gani.

Julai ikapita, kisigino kikiwa vile vile. Agosti ikapita. Kila jioni nilikibonyeza mimi mwenyewe, Violeth akalia, Mwalimu akanikataza, nikaendelea. Septemba nikasikia kwamba wasichana wa mikoa mingine wameshaanza kazi kwenye lile shirika. Nilikwenda nyuma ya jiko nikaketi. Mwalimu alikuja akakaa kwenye kuni upande wa pili. Alikaa hadi maharage yalipoanza kunukia kuungua, akainuka kuyaangalia yeye. Siku ile nilimpa mnofu.

Oktoba, Violeth alishuka kitandani asubuhi, akatembea hadi uani, akarudi, akasimama kwa namna ya ajabu. "Mama," akasema, "sijasikia kitu." Nilimwambia asiseme kwa sauti. Mwalimu naye alipoambiwa hakuruka. Aliongeza chuma kwenye begi. Kisha akamruhusu ajongee polepole uwanjani, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na kila aliyetaka kumharakisha alionyeshwa alama ya unga iliyobaki ukutani mwa stoo.

Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1993, Violeth alikimbia mbio za mita elfu moja mia tano kwenye uwanja wa Jamhuri. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, uwanja unanuka udongo. Mimi sikuweza kutazama. Nilijificha nyuma ya tangi la maji nimeziba uso kwa khanga, nikamwomba Bwana Shaaban asimame pembeni anieleze kinachotokea. Hilo nalo lilikuwa kosa.

"Wameanza," akasema Bwana Shaaban. Akatoa leso, akapangusa jicho moja, kisha la pili. "Naona… Violeth… amevaa nyekundu."

"Nilimfulia mimi! Anachechemea?"

"Subiri kwanza nimwone vizuri."

Watu walikuwa wanapiga kelele, wengine wameshaanza kupiga makofi, na Bwana Shaaban bado yuko kwenye mzunguko wa pili. Niliposhindwa kuvumilia nikatoa uso. Mbio zilikuwa zimekwisha. Violeth alikuwa amesimama kwenye nyasi, mikono kiunoni, miguu yote miwili chini. Alikuwa wa nne. Wa nne hapewi kitu, hata kikombe cha plastiki.

Mwalimu Mazengo alikuwa na saa mkononi, lakini hakuitazama. Alipita mbele ya washindi bila kuwaona, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya sikukuu, akashika kile kisigino, akakibana kwa vidole viwili kama alivyofanya siku ile kwenye benchi. Akabana tena, kwa nguvu zaidi.

"Mwalimu, unanitekenya," Violeth akasema.

Mwalimu akavua kofia, akajifunika nayo uso, akabaki hapo hapo chini. Watu walidhani amepata ugonjwa. Nilikwenda nikapiga magoti pembeni yake, kwenye tope lile lile, na sisi watu wazima wawili tukawa tunalilia kisigino cha mtu aliyeshika nafasi ya nne.

Lile shirika liliuzwa baadaye na timu yake ikavunjwa. Siandiki hivyo ili mseme Mwalimu aliona mbele. Hakuona. Hakuna kati yetu aliyeona. Angemkataza hata kama kazi ile ingedumu hadi leo, na hilo ndilo ninalotaka lisomwe kwenye hafla: alimkataza kwa ajili ya mguu tu, akakubali mfupa.

Tangu mwaka ule, kituoni kwetu hakuna msichana wala mvulana anayeongezewa chuma kwa sababu misuli yake imetuna mbele ya kioo. Hushikwa kwanza kano ya goti na ya kisigino, huulizwa ameamkaje, na mwaka wake wa kwanza huitwa mwaka wa kano, vijana wapende wasipende. Kwa miaka mitano wachache sana wameumia. Baadhi yao wamevaa jezi ya taifa. Mwalimu hupenda kusema kwamba mafanikio yote hayo yalianzia kwenye ugali, na kwamba ni utafiti wake pekee uliowahi kushibisha watu. Yule daktari rafiki yake aliandikiwa ukweli wote wa viroba. Alijibu kwamba amecheka hadi wauguzi wakaja.

Violeth alisomea ualimu wa michezo, na sasa anafundisha Kongwa. Ana wasichana wake, wengi wembamba kama yeye zamani, na vyuma vya huko hahitaji lori kuvifuata. Mama mmoja wa huko alimjia juu mwezi uliopita kwa kumzuia binti yake asikimbie mashindano. Violeth aliniandikia akiuliza afanye nini na mama mkali namna hiyo. Nimemjibu amsikilize mpaka amalize, halafu akatae.

Kuanzia Julai Mwalimu Mazengo atakuwa Haneti na mama watoto wake, kwenye shamba la mtama na karanga. Tunafahamu atataka kulima lote msimu wa kwanza. Mama Mazengo, tafadhali mshikie jembe.

Mwalimu, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, wanamichezo uliowapitisha polepole, na jiko, tunakushukuru. Mimi nakushukuru kwa neno lile la hapana. Nilikuomba kwa mwiko, kwa machozi na kwa mifupa, nawe hukuligeuza. Mwanangu akija likizo hupanda ngazi za kanisa mbili mbili, na mimi bado nafumba macho mpaka afike juu. Kila nikiyafungua namkuta amesimama. Nenda Haneti kwa amani. Mvua zikukute shambani, na kila asubuhi utakayoteremsha miguu kitandani, ikukubali.